Tukiwafundisha Vijana Faida, Tusiwafiche Jasho

Likizo ndefu iliyopita paroko wangu aliniomba nisaidie kufundisha katika shule moja ya sekondari ya Kanisa huku kwetu Kagera. Mwalimu wa somo la biashara alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na vipindi vyake vya Kidato cha Kwanza vilikuwa vinapita bure. Nilimwambia Padre kwamba mimi nasoma falsafa, na kwamba hesabu za biashara niliziacha Kidato cha Nne. Akacheka, akaniambia, "Frateri, si umekulia kwenye kahawa wewe? Nenda kawafundishe ulichokiona." Nikaenda.

Wiki ya tatu niliwapa zoezi la kufanya nyumbani. Wakati wa mapumziko kila mmoja akae na mzazi au mlezi wake, aandike hesabu ya msimu mmoja wa kahawa: kilichotumika, kilichopatikana na kilichobaki. Waliporudi, wakaniletea madaftari 41. Kwa kweli nilifurahi. Hesabu zilikuwa safi. Waliandika samadi, dawa, maturubai ya kuanikia, magunia, na nauli ya kupeleka kahawa chama cha msingi. Karibu wote walipata faida, na wengine waliipigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu.

Lakini nilipoyapitia usiku ule kwa utulivu, niliona jambo moja. Katika madaftari 41, 38 hayakuwa na hata shilingi moja ya kazi. Palizi, kupogolea, kuchuma, kuanika, kugeuza kahawa juani, kuikusanya mvua inapotisha: vyote havikuandikwa. Watatu walioandika walikuwa wamewalipa vibarua wa nje.

Kesho yake niliuliza darasa, "Nani aliyechuma kahawa hii?" Wakajibu kwa pamoja: sisi, mama, bibi, wadogo zetu. "Mbona basi hamkuiandika kazi hiyo?" Kimya. Kisha binti mmoja wa dawati la mbele akasimama, akajibu kwa adabu kabisa: "Frateri, ile si gharama. Ile ni mama tu."

Kengele ililia kabla sijapata cha kusema. Tangu siku hiyo nimelibeba jibu lile, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Maoni yangu ni haya: ni jambo jema kwamba vijana wetu sasa wanafundishwa biashara, lakini tukiwafundisha kuhesabu faida bila kuwafundisha thamani ya kazi na haki ya mtu anayeifanya, tutakuwa tumewapa nusu ya somo, tena ile nusu ya hatari.

Somo jema lililokuja kwa wakati

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba sipingi somo lenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imetuletea mtaala mpya ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024. Sekondari sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Katika mkondo wa jumla, elimu ya biashara si somo la kuchagua tena, bali kila kijana anaisoma. Kwa taifa ambalo vijana wengi wanamaliza shule na kukuta ajira za ofisini hazitoshi, uamuzi huo una busara. Mzazi yeyote aliyemwona mwanawe akirudi nyumbani na cheti mkononi, akakaa mwaka mzima barazani, hahitaji kuelezwa.

Wanafunzi wangu walikuwa wepesi wa kukariri. Ukiwauliza vitu vinavyohitajika katika uzalishaji, watakutajia vinne bila kukosea: ardhi, kazi, mtaji na ujasiriamali. Ukiwauliza kila kimoja hupata nini, watakuambia ardhi hulipwa pango, kazi hulipwa ujira, mtaji hulipwa riba, na mjasiriamali hupata faida. Walikuwa wanajua kwamba kazi hulipwa ujira. Walijua kwa Kiingereza, kama kitabu kilivyoandika, na wangepata alama zote kwenye mtihani. Lakini walipofika shambani kwao, mahali ambapo kazi ina jina na mgongo unaouma, waliacha nafasi wazi.

Kosa si la watoto. Hakuna aliyewaonyesha kwamba neno la kitabuni na mama yao ni kitu kimoja.

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa mapema kwamba neno la Kigiriki ambalo mataifa mengi yanalitumia kwa uchumi lilitokana na nyumba na sheria zake, yaani utaratibu wa kuendesha nyumba vizuri. Aristotle, katika kitabu cha kwanza cha *Siasa*, alitenganisha uendeshaji wa nyumba na ile shughuli ya kutafuta fedha isiyokuwa na kikomo. Ni somo zuri. Lakini siku moja nikiwa natembea kurudi parokiani nilikumbuka kwamba Kiswahili nacho kina lake la kusema. Sisi tunasema *uchumi*, na neno hilo limetoka katika *kuchuma*. Kabla ya benki na soko la hisa kuna mkono unaochuma. Wagiriki walianzia nyumbani, sisi tumeanzia mkononi. Inasikitisha basi kwamba mwanafunzi anaweza kusoma uchumi miaka minne na asiuone mkono.

Jembe kama adhabu

Kuna sababu ya pili inayowafanya vijana waione kazi kuwa kitu kisichostahili kuandikwa, nayo iko ndani ya shule zetu wenyewe.

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba shule tulizorithi zilikuwa zinamtenga kijana na jamii yake na kumfanya aone aibu kushika jembe kama wazazi wake. Alitaka shule iwe na shamba, na shamba hilo liwe sehemu ya masomo: wanafunzi walime, wapange, wahesabu, waamue pamoja matumizi ya walichopata. Mtumishi huyu wa Mungu alikuwa Mkatoliki aliyeamini kwamba kazi inamjenga mtu.

Tujiulize nini kilibaki. Katika shule nyingi nilizozijua, ya kwangu ikiwemo, kilichobaki ni jembe bila yale mengine. Ukichelewa namba, unapewa kufyeka. Ukiongea Kiswahili mahali pa Kiingereza, unapewa kuchota maji. Ukifeli zoezi, unapalilia mgomba. Aliyefanya vizuri anapumzika na kupigiwa makofi. Kwa miaka minne tunamfundisha kijana, bila kutamka neno, kwamba kazi ya mikono ni ya wakosaji. Kisha tunashangaa anapomaliza shule na kumdharau mtu wa kibarua.

Yohane Paulo II aliandika katika *Laborem Exercens*, mwaka 1981, kwamba thamani ya kazi inatokana kwanza na mtu anayeifanya, si na aina ya kazi yenyewe. Mfagiaji na daktari wote ni watu, na kazi ipo kwa ajili ya mtu. Bwana wetu mwenyewe alikaa miaka mingi Nazareti akijulikana kama mwana wa seremala. Mtakatifu Paulo alishona mahema Korintho ili asiwalemee watu. Tukiamini hayo altareni, hatuwezi kuyakanusha kwenye bustani ya shule. Adhabu zipo nyingi, na kama lazima zitolewe, tutafute nyingine. Jembe tuliache liwe la heshima.

"Lakini baba yake alikubali"

Miongoni mwa yale madaftari 41, moja lilikuwa la ajabu. Upande wa mapato kijana alikuwa ameandika: "Hakuna. Kahawa iliuzwa ikiwa maua." Baada ya kipindi alinisubiri mlangoni, akanieleza kwa sauti ya chini. Januari ada ilihitajika, na godoro, na sare. Baba hakuwa na fedha. Akaenda kwa mtu mwenye fedha, akapewa, na msimu ulipofika kahawa ikavunwa na yule mtu.

Kwetu biashara hii inaitwa *butura*. Msomaji wa Kagera haihitaji maelezo. Kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba mkulima mwenye shida anauza zao likiwa bado mtini, kwa bei ndogo, na mnunuzi anasubiri limkomalie. Serikali imeikemea na kuipiga marufuku mara nyingi. Bado ipo, kwa sababu shida ipo, na shida haisubiri mnada.

Bila kumtaja kijana yule, nilileta suala hilo darasani. Tukapiga hesabu ubaoni kwa mfano wa kubuni. Tuseme mtu anakupa shilingi 200,000 mwezi wa kwanza kwa gunia ambalo mwezi wa saba litauzwa mnadani kwa shilingi 400,000. Ametoa laki mbili, amepata laki mbili juu yake, kwa miezi sita. Je, kama huu ungekuwa mkopo, riba yake ni kiasi gani? Wakahesabu. Asilimia 100 kwa nusu mwaka. Kijana mmoja wa nyuma akaguna, akasema, "Frateri, hiyo ni kausha damu kabisa."

Ndipo mwingine, mwerevu sana, akainua mkono: "Lakini Frateri, huyo baba alikubali mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Kitabu kinasema biashara ni makubaliano."

Hapa ndipo nilipoona faida ya kusoma falsafa, na faida kubwa zaidi ya kuwa Mkatoliki. Hoja ya kijana yule ndiyo hoja ambayo Papa Leo XIII aliikuta Ulaya alipoandika *Rerum Novarum*, tarehe 15 Mei 1891. Wenye viwanda walikuwa wanasema: mfanyakazi amekubali mshahara huu, basi haki imetimia. Papa akajibu kwamba sivyo. Kuna haki ya maumbile iliyo juu ya makubaliano na ya kale kuliko mkataba wowote. Mtu akikubali masharti mabaya kwa sababu asipokubali atapatwa na baya zaidi, hajafanya makubaliano huru. Amenyanyaswa, hata kama ameweka sahihi. Yeye alikuwa anazungumzia mishahara, lakini msingi ni uleule katika kahawa. Njaa na ada ya mtoto vinaweza kumlazimisha mtu sawasawa na kiboko.

Niliwaambia wanafunzi: tofautisheni maswali mawili. La kwanza ni "Je, amekubali?" La pili ni "Je, alikuwa na nafasi ya kukataa?" Mfanyabiashara mwenye dhamiri lazima aulize yote mawili. Hili halimo kwenye mtihani wa taifa. Lakini naamini kama wanafunzi 41 wataondoka na swali hilo la pili moyoni, kijiji chao kitakuwa tofauti baada ya miaka ishirini.

Si kwa bahati kwamba Baba Mtakatifu Leo XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba amechagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII na waraka wake. Dunia ina mashine mpya, lakini swali la kazi na utu limebaki palepale.

Ajira hazipo, mbona unaleta habari za mishahara?

Najua kuna watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema: Frateri, vijana hawa wengi hawataajiriwa. Wanahitaji ujuzi wa kuanzisha biashara, kutafuta wateja na kutunza fedha. Habari za haki za wafanyakazi ni za watu wa viwandani. Unawapotezea muda.

Jibu langu ni kwamba wengi wao kweli hawataajiriwa, ila karibu wote wataajiri. Huo ndio ukweli tunaousahau. Kijana atakayefungua genge la chakula atamchukua msichana wa kuosha vyombo. Atakayenunua pikipiki ya pili atampa mwenzake aendeshe kwa hesabu ya kila siku, au kwa mkataba kwamba baada ya muda fulani pikipiki iwe yake. Binti atakayekuwa mwalimu au muuguzi ataleta dada wa kazi nyumbani amlelee mtoto. Hawa ndio waajiri wa nchi hii. Hawana ofisi wala mhasibu, na hawajawahi kujiita waajiri. Ndiyo maana hawajui kwamba wana wajibu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Mfanyakazi ana haki ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Ujira ulipwe siku iliyokubaliwa. Nilipoyasoma haya darasani kwa Kiswahili, kijana mmoja aliuliza kama dada wa kazi naye ni mfanyakazi. Niliposema ndiyo, darasa zima lilicheka. Walidhani natania. Kicheko kile kinatosha kutuonyesha tulipo.

Tena kijana anayejiajiri naye anahitaji kujilinda. Dereva wa bodaboda asiyejua kusoma mkataba wake anaweza kulipa hesabu miezi kumi na minane, kisha akanyang'anywa pikipiki kwa kuchelewa siku tatu. Elimu ya kazi inamlinda aliye chini na kumwonya aliye juu, na kijana yuleyule anaweza kuwa chini leo na juu kesho.

Wanaovuna wasipopanda

Yapo pia madeni na ahadi za utajiri wa haraka. Wengi wetu tunakumbuka, au tumesimuliwa na wazazi, habari za DECI. Watu waliambiwa "wapande mbegu" na kusubiri kuvuna kwa wingi. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha mpango ule, viongozi wake wakafikishwa mahakamani, na watu wengi wakabaki na maumivu. Lugha yake ilikuwa ya Biblia, na ndiyo sababu watu wa sala walinaswa kwa urahisi. Siku hizi wavu umehamia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinatoa mikopo mtandaoni bila leseni. Wanaokopa humo si wajinga. Ni watu walioishiwa saa nne usiku mtoto akiwa na homa.

Kijana aliyejifunza kwamba fedha hutoka kwenye kazi atauliza swali moja tu mbele ya ahadi kama hizo: "Nani anayefanya kazi hapa hadi fedha yangu iongezeke?" Asipojibiwa, atarudisha pochi mfukoni. Lakini kijana aliyezoea kuandika faida bila kuandika kazi hana sababu ya kushangaa fedha inapozaa bila jasho la mtu. Alishaizoea hesabu hiyo tangu Kidato cha Kwanza.

Swali kuhusu mama wa jikoni

Sasa nifike mahali pagumu. Nilisita kuliandika hili, na nimelisali.

Siku niliyosoma darasani kwamba ujira ulipwe siku iliyokubaliwa, binti yuleyule wa dawati la mbele aliinua mkono. "Frateri, samahani. Na mama wa jikoni hapa shuleni analipwa siku gani?"

Wote walikuwa wanajua. Watoto wa shule wanajua kila kitu. Mama yule alikuwa hajalipwa miezi miwili. Alikuwa anafika saa kumi na moja alfajiri kuwasha kuni za uji, na anaondoka baada ya vyombo vya jioni. Nilimwambia binti yule ukweli kwamba sijui, na kwamba nitauliza.

Niliuliza. Mkuu wa shule hakukasirika, na nataka nimtendee haki, maana ni mtu mwema mwenye mzigo mzito. Alifungua daftari akanionyesha. Ada nyingi hazijalipwa. Wazazi wanasubiri kahawa iuzwe. Wengine kahawa yao ilishaondoka tangu ikiwa maua. Fedha iliyopo ilinunua mchele na maharage, maana watoto lazima wale.

Nilimwelewa. Lakini nilipokuwa natoka ofisini niligundua jambo ambalo halikunipa usingizi. Mwenye duka la mchele alikuwa amelipwa, kwa sababu asipolipwa haleti mchele. Fundi wa pampu alilipwa, kwa sababu angeondoka na kifaa chake. Aliyesubiri ni yule asiyeweza kukataa. Ilikuwa *butura* ileile, ila safari hii ndani ya uzio wetu wenyewe, chini ya msalaba uliopo getini. Hakuna aliyeipanga wala kuitaka. Ilitokea tu, kama inavyotokea nyumbani mama anapobaki bila kuandikwa.

Mtume Yakobo anawaonya matajiri kwamba ujira waliowanyima wavunaji unapiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, inaiweka dhuluma dhidi ya mfanyakazi aliyeajiriwa kati ya dhambi zinazolia mbinguni, pamoja na damu ya Abeli. Sisi tunaotarajia kuwa mapadre tutakuwa, Mungu akipenda, waajiri wa wapishi, walinzi, makatibu na wahudumu wa zahanati. Tutafundisha haki ya kazi kila tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955. Homilia ile itasikilizwa na mpishi wetu akiwa benchi la nyuma. Heri aisikilize akiwa ameshalipwa.

Wapo watakaosema mambo ya namna hii yamalizwe ofisini, yasiandikwe. Nakubali kwamba busara inahitajika, ndiyo maana sijataja shule wala mtu. Lakini watoto walishaliona. Tusiposema lolote, tutakuwa tumewapa somo la biashara ambalo hawatalisahau: kwamba haki ni ya kitabuni, na maisha ni kitu kingine.

Tuanzie wapi?

Sina mamlaka ya kubadilisha mtaala, na sioni kwamba tunahitaji kusubiri ubadilishwe. Yapo mambo ambayo mwalimu, mzazi na frateri wa likizo wanaweza kuyaanza muhula ujao.

Kwanza, kila hesabu anayoiandika mwanafunzi, iwe ya kuku wa shule, bustani au duka la nyumbani, iwe na safu ya kazi, na safu hiyo ijazwe hata kama hakuna aliyelipwa. Aulize kibarua wa kijijini kwao hulipwa kiasi gani kwa siku, azidishe kwa siku zilizotumika. Si kwa ajili ya kudai fedha nyumbani, bali aone.

Pili, shamba la shule lirudi kuwa darasa. Wanafunzi washike daftari la mradi, wajue mbegu iligharimu nini, mavuno yalikwenda wapi, na wao waliochangia jasho wapate sauti katika kuamua matumizi. Na lisiwe mahali pa adhabu.

Tatu, wasomewe mkataba halisi wa kazi na sheria yenyewe, kwa lugha wanayoielewa. Katika vikao vya wazazi tuzungumzie pia *butura* na mikopo ya haraka, na jinsi chama cha msingi, SACCOS au kikundi cha kuweka na kukopa kinavyoweza kumsaidia mtu avuke Januari bila kuuza maua. Jumuiya ndogo ndogo zinafaa sana kwa kazi hii, maana ndiko watu wanakojuana shida zao. Akiba haiozi, lakini mtu mmoja peke yake ni vigumu kuiweka.

Nne, taasisi zetu za Kanisa zianze kumlipa kwanza asiyeweza kukataa. Ikiwa fedha haitoshi, kusubiri kuanzie kwa wenye nguvu. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji kubadilisha mpangilio wa orodha tu.

Na kwetu mafrateri: tusisome mafundisho jamii ya Kanisa kwa ajili ya mtihani peke yake. Tukirudi likizo, tushike jembe nyumbani na kuuliza bei. Padre asiyejua kibarua analipwa kiasi gani kijijini kwake atahubiri vizuri juu ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, na hakuna atakayemwamini.

Niliondoka shuleni pale mwezi wa tisa. Mama wa jikoni alikuwa amelipwa mwezi mmoja kati ya miwili. Wiki ya mwisho niliwarudishia wanafunzi zoezi lile la kwanza walifanye upya. Binti wa dawati la mbele alihesabu siku za mama yake kuanzia palizi hadi magunia. Zilikuwa siku 60. Akaulizia kibarua, akaambiwa shilingi 5,000 kwa siku. Ikawa shilingi 300,000. Faida yake ya zamani, ile aliyoipigia mstari mara mbili, ilikuwa shilingi 260,000.

Alinijia na daftari mkononi, amechanganyikiwa. "Frateri, sasa nimwambie mama kwamba tumepata hasara?"

Nilimwambia, mwambie kwanza kwamba umeona kazi yake. Hasara mtaizungumza pamoja.

Siku ya kuaga nilimuuliza mama alijibuje. Akasema alicheka sana, kisha akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa nani atanilipa?"

Ni swali zuri. Wachumi wanalo, wanafalsafa wanalo, na siku moja tutaulizwa na Mwenye shamba mwenyewe. Mimi nashukuru kwamba limeanza kuulizwa pia na mama mmoja wa Kagera, kwa sababu ya zoezi la Kidato cha Kwanza.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.